Sekunde 16 za Juma Ikangaa

Katika somo la safari hii twataka tuchunguze mbio za Juma Ikangaa, mzaliwa wa Dodoma na ofisa wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ambaye katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa wakimbiaji hodari wa marathoni duniani. Vijana wengi hapa Songea hawamjui. Wazee wanaomkumbuka husema, "Yule aliyekuwa wa pili kila mara." Neno hilo lina ukweli wake, lakini yafaa tulipime kwa hesabu.

Marathoni ni kilometa 42 na mita 195. Mtu akitoka Songea mjini mpaka Peramiho, kisha akageuka, ataimaliza akiwa njiani kurudi nyumbani.

Mwaka 1982 huko Brisbane, Australia, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Ikangaa na Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga waliwaacha wengine mbali sana. Robert de Castella, mwenyeji, akawafuata taratibu, akawapata karibu na mwisho. Ikangaa hakukubali upesi, lakini alimaliza sekunde 12 nyuma yake. Mwaka 1983 huko Fukuoka, Japani, Toshihiko Seko alimshinda kwa sekunde 3. Mwaka 1988 huko Boston, Marekani, Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde 1, akawa Mwafrika wa kwanza kushinda mbio hizo. Haya, jumlisheni. Ni sekunde 16, katika mwendo wa zaidi ya kilometa 126!

Kwa nini ilikuwa hivyo? Ikangaa, mtu mfupi wa kimo, alipenda kukimbia mbele. Anayeongoza hukata upepo na kupanga mwendo, naye hawaoni walio nyuma. Anayemfuata hujificha mgongoni pake, huweka akiba ya nguvu, na huchagua mwenyewe saa ya kuchomoka. Kwa hiyo mara nyingine Ikangaa aliwafanyia wenzake kazi nao wakavuna. Wapo waliomlaumu kwa hilo. Sisi twaona kwamba bila yeye mbio nyingine zingekuwa za kuviziana tu, na mtu wa kuviziana hajui kamwe uwezo wake unaishia wapi.

Hata hivyo hatutaki kumtetea katika kila jambo. Boston mwaka 1989 alikuwa wa pili tena, nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Mwaka 1990 waliokuwa mbele, naye akiwamo, walianza kwa kasi kubwa mno. Njia ya Boston huanza kwa mteremko, na vilima huja baadaye, watu wakiwa wamekwisha choka. Aliyewahi kushuka Matogoro mbio anajua mapaja yanavyouma kesho yake. Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1988, alijizuia mwanzoni, akashinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 19. Ikangaa akawa wa pili kwa mara ya tatu mfululizo, na safari hii alipitwa kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Hapo ilikuwa haki ya Bordin.

Lakini katikati ya Boston hizo mbili, Novemba 1989, alikwenda New York. Alishinda kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, akavunja rekodi ya njia ile iliyowekwa na Alberto Salazar mwaka 1981. Aliyemfuata alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika moja na nusu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kujificha mgongoni pake. Rekodi hiyo ilidumu mpaka mwaka 2001. Tena kabla ya hapo alikwisha kushinda Tokyo mwaka 1984 na 1986, na Fukuoka mwaka 1986. Basi ile habari ya "wa pili kila mara" si kweli hata kidogo.

Olimpiki haikumpa medali: wa 6 Los Angeles mwaka 1984, wa 7 Seoul mwaka 1988. Wajapani hawakumsahau. Mwaka 2017 alishirikiana na shirika lao la JICA kuanzisha mashindano ya riadha ya wanawake Dar es Salaam, yaitwayo Ladies First, wasichana wakaitwa kutoka mikoani kuja kukimbia.