Kihispania kwa Mwanafunzi wa Kwanza

Vijana kadhaa wa Jang'ombe na mitaa ya jirani watamani kujifunza Kihispania, kwa kuwa wageni wasemao lugha hiyo huja kuutazama Mji Mkongwe, na mwenye kuwaongoza kwa lugha yao hupata riziki. Lakini wengi huambiwa kuwa hawawezi kuianza mpaka wakiisha kukijua Kiingereza barabara. Sisi hatulikubali shauri hilo. Msemaji wa Kiswahili ana mlango wake mwenyewe wa kuingilia.

Wareno waliokuwako pwani hii katika karne ya 16 na ya 17 walituachia maneno mengi, na Kireno na Kihispania ni ndugu, wote watoto wa Kilatini. Tena tangu 1580 mpaka 1640 mfalme wa Hispania ndiye aliyeitawala Ureno pia. Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, katika enzi hiyo. Basi meza kwa Kihispania ni mesa, bendera ni bandera, mvinyo ni vino. Mcheza karata wa barazani asemaye uru, shupaza na kopa, akisikia oros, espadas, copas hahitaji mkalimani. Ila huenda asijue kuwa maana zake ni dhahabu, panga na vikombe.

Kiarabu nacho chasaidia, maana Waislamu walitawala katika nchi ya Hispania tangu 711 mpaka 1492. Azúcar ni sukari; fulano ni fulani; rehén, yaani mtu aliyezuiliwa mpaka sharti litimizwe, ni jamaa ya rehani. Hasta, maana yake "mpaka", ni hata ile ya wazee wetu wasemapo "hata asubuhi". Alcalde, mkuu wa mji, ni kadhi aliyebadilishiwa kazi.

Matamshi si mazito. Irabu ni zetu tano. Herufi ñ ni ny ya nyumba. J ni kh ya kheri. H haitamkwi kamwe.

Sarufi ndiyo itakayo subira. Majina yana ngeli mbili tu, ya kiume na ya kike, na kivumishi hufuata jina: el libro blanco, los libros blancos, la mesa blanca, las mesas blancas. Mwingereza hutatizika hapo, maana "eupe" wake haubadiliki. Sisi tangu utotoni twasema kitabu cheupe, vitabu vyeupe. Lakini kila jina na lisomwe pamoja na el au la yake, wala mwisho wa neno usiaminiwe sana: siku ni el día, na mkono ni la mano.

Kitendo nacho huonyesha mtendaji, ila mwishoni, si mwanzoni kama chetu: hablo, nasema, hablas, wasema (wewe), habla, asema, hablamos, twasema, habláis, mwasema, hablan, wasema (wao). Hapa wametushinda, kwa kuwa "wasema" yetu yabeba watu wawili mbalimbali.

Twawaomba walimu wakae zaidi juu ya ser na estar, kwani hapo ndipo wengi hukata tamaa. El maestro es bueno, mwalimu ni mwema. El maestro está en la escuela, mwalimu yuko skuli. Mwenye kutofautisha "ni" na "yuko" amekwisha kupita nusu ya njia. Nusu ya pili ina mtego: "mwalimu ni mgonjwa" si es, bali está enfermo, kwa kuwa ugonjwa huhesabiwa kuwa hali aliyo nayo mtu, si tabia yake. Mwanafunzi ajiulize kwanza: nataja alivyo mtu, au alipo na hali aliyo nayo?

Kwa zoezi, msomaji na afasiri haya bila kutazama juu: Kitabu kiko mezani. Meza ni nyeupe. Fulani ni mgonjwa. Twasema Kihispania (español).