Kampuni Ndogo, Mikono Mingi

Ndugu wanavikundi, tujifunze kutoka kwa jirani zetu wa Mbuiru, Meru Kusini ya zamani, siku hizi Tharaka-Nithi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu kama 200 walinunua hisa, wakaunda kampuni yao ya umeme wa maji, mto Tungu. Shirika la ITDG na UNDP waliwasaidia, lakini jasho lilikuwa lao: kila Jumanne walikuwa kazini. Mtambo wao ulikuwa wa kilowati 18.

Kazi ya kampuni ndogo ya ufundi ndivyo ilivyo. Fundi wa mtambo ndiye huyo huyo anayezoa takataka mferejini na kuamka usiku taa zikizimika. Anajifunza mengi upesi, hilo ni jema. Lakini siku akiugua ama akipata kazi Nairobi, nani atawasha mtambo?

Kwa hivyo:
1. Fundishweni wawili, si mmoja.
2. Anayeshika spana asishike pesa pia.
3. Saa za kazi na malipo yaandikwe. Kujitolea kuna mwisho.

Mjadiliane: Katika kikundi chenu, ni kazi gani inajulikana na mtu mmoja tu?