Kula Sahani Yako, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, meseji mlizonitumia safari hii zinauliza jambo moja kwa sura nyingi. Mmoja ana shoga yake aliyeacha wanga kabisa, akapungua kilo nne kwa wiki moja. Mwingine jirani yake hali kitu mpaka saa saba mchana. Wa tatu ameuziwa chai ya pakiti ofisini na kuahidiwa kwamba tumbo litakwisha kabla ya harusi ya wifi yake. Wote mnataka nichague: dada, ipi ni bora? Na karibu wote mna mtoto anayetambaa, anayekimbia, au anayekataa kula mpaka afukuzwe na kijiko nyumba nzima.

Najua mazungumzo haya yanapokolea. Ni siku ya kliniki, mmekaa kwenye benchi na kadi mkononi mkisubiri watoto wapimwe uzito. Mtoto akishatolewa kwenye mizani, macho yanahamia kwa mama. "Mwenzetu, umepunguaje hivyo?" Hapo kila mtu anatoa siri yake, na kila mtu anarudi nyumbani akijiona amechelewa. Aliyejifungua mwezi mmoja na wewe tayari anavaa suruali zake za zamani, wewe bado unafunga kanga.

Tuanze na hizo kilo nne kwa wiki, maana ndizo zinazowaumiza wengi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Mwanamke wa kawaida hutumia kama kalori 2,000 kwa siku, yaani 14,000 kwa wiki. Piga hesabu mwenyewe: hata angekaa wiki nzima bila kutia kitu mdomoni, asingemaliza kilo mbili za mafuta. Basi hizo nyingine zimetoka wapi? Ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha ugali, wali na chapati ghafla, akiba inakwisha na maji yake yanatoka. Mizani inashuka kweli, shoga yako hakudanganya. Siku atakayokula ubwabwa kwenye shughuli, maji yatarudi, naye atalia akidhani ameharibu kila kitu. Mwendo salama wa kupungua ni nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, na kwa mama anayelala vipande vipande mimi naona hata nusu kilo ni nyingi ya kutosha.

Sasa hili la kuacha wanga na kufunga. Hapa Tanzania, Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo, amewafanya watu wengi watazame upya mlima wa wali kwenye sahani zao, na ninamshukuru kwa hilo. Kila mwaka tunazika ndugu zetu kwa sababu ya kisukari na shinikizo la damu. Lakini ushauri unaotolewa kwa umma mzima, wewe uusikilize ukikumbuka hali yako. Kama bado unanyonyesha, usiache wanga kabisa. Madaktari wameripoti visa, vichache lakini vya hatari, vya akina mama wanaonyonyesha ambao damu yao ilijaa asidi baada ya kukata wanga au kukaa na njaa muda mrefu, wakaishia kulazwa. Kupunguza ni sawa. Kutoka tonge kumi za ugali hadi nne au tano ni sawa. Kufuta kabisa ukiwa na mtoto ziwani, hapana.

Na hapo kwenye kunyonyesha pana jambo ambalo watu hawaambiani kwenye lile benchi. Miezi sita ya mwanzo, mtoto anapotegemea ziwa tu, mwili wa mama hutumia takriban kalori 500 za ziada kila siku kutengeneza maziwa. Ndiyo maana wengine hupungua bila kujua wamefanya nini. Mtoto akifika mwaka na nusu, ananyonya asubuhi na usiku tu, maziwa yamepungua, lakini mama bado anakula kama wa miezi mitatu kwa sababu njaa imeshazoea. Akiachisha ziwa, kilo zinaingia taratibu. Kwa hiyo wewe mwenye mtoto wa miaka miwili, unapojipima na mwenye wa miezi mitano, mnalinganisha miili iliyo kwenye kazi mbili tofauti. Weka hapo na sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, ambayo huwaongezea uzito baadhi ya wanawake na wengine haiwagusi. Ukiona hivyo usiiache kimyakimya ukapata mimba ambayo hukuipanga. Rudi kwa muuguzi, mwambie, njia nyingine zipo.

Chai za pakiti nitazisema kwa ufupi. Nyingi zina sanamaki, majani yaleyale ambayo bibi zetu wa pwani waliyatumia kwa tumbo lililofunga choo. Zinakuharisha, unapoteza maji, mafuta yanabaki palepale, na ukinyonyesha hujui mtoto anapata nini. Vidonge vinavyouzwa bila maelezo ni vibaya zaidi. Kuna dawa iitwayo sibutramine iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na hata baada ya hapo imekutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili. Muuzaji akikwambia "ni mitishamba tu" na hakuna anachoweza kukuonyesha, hela yako nunulia samaki.

Haya, niseme ninachoamini mimi. Mama mwenye mtoto mdogo, shida yake kubwa ni kwamba hana mlo, na dayati yoyote anayoifuata anaiweka juu ya utupu. Hebu itazame siku yako. Asubuhi umemwandalia mtoto uji wa lishe, wenye karanga, maziwa na sukari. Amekunywa nusu, umemalizia nusu ukiwa umesimama karibu na sinki. Wewe mwenyewe umekunywa chai ya rangi ukikimbilia daladala, au ukikimbilia nguo zilizolowekwa. Saa nne kakataa yai, umelila. Saa saba kabakiza nusu chapati na viazi vitatu, umevitupia mdomoni ili visitupwe, maana chakula ni ghali na sisi hatukulelewa kumwaga chakula. Ukiulizwa umekula nini tangu asubuhi, unajibu kwa moyo safi kabisa: sijala kitu. Usiku watoto wamelala, nyumba imetulia, njaa ya siku nzima inakushukia kwa pamoja. Unakula sahani iliyojaa, unaongeza, halafu chipsi za mume zilizobaki, halafu unalala. Kesho unaanza dayati mpya.

Yale makombo peke yake yanaweza kufika kalori 300 kwa siku, na hayakushibishi kwa sababu hukukaa, hukuyaona kama chakula, na mara nyingi ni wanga mtupu. Kisha unajinyima mchana kwa sababu unaamini unafunga, kumbe hukufunga.

Kwa hiyo ninachowaomba, kabla ya kukata chochote, ni kula. Pakua sahani yako. Kaa chini. Kula wakati mtoto anakula, asubuhi na mchana, chakula kilekile cha chungu kimoja. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kabichi, chochote cha msimu. Robo iwe maharage, dagaa, samaki, yai au nyama. Robo iliyobaki ugali, wali, ndizi au kiazi. Sahani hiyo si ya gharama. Dagaa na maharage ni rahisi kuliko unga wowote wa kupunguza mwili unaouzwa. Mtoto mpakulie kidogo kuliko unavyopakua sasa, akitaka ataongezewa, ndipo makombo yatakapopungua. Yakibaki, yafunike umpe jioni ukiyapasha moto vizuri, au wape kuku. Tumbo lako lisiwe ndoo ya nyumba.

Tahadhari moja: dayati yako isiwe ya mtoto. Aliye chini ya miaka miwili anahitaji mafuta kwa ajili ya ubongo wake na ukuaji wake. Pika mboga kwa mafuta kidogo, kisha bakuli lake litie karanga zilizosagwa, nazi au parachichi. Na mbele yake usijiite bonge wala usijifinye tumbo kwenye kioo ukisonya, hasa kama ni binti. Anakusikia kabla hajaweza kukujibu.

Ukishazoea kula, ndipo upunguze pale ambapo hutaumia. Mafuta ya kupikia ndiyo ya kwanza. Kijiko kimoja kikubwa kina takriban kalori 120, na wengi wetu tunamimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Pima kwa kijiko kwa wiki moja tu, uone mwenyewe. Sukari ya chai ni ya pili: vijiko vitatu vidogo, vikombe vitatu kwa siku, ni karibu kalori 150 ambazo hazijakushibisha. Punguza kijiko kimoja, ulimi uzoee, halafu kingine. Soda na juisi za boksi weka za sikukuu. Chapati na maandazi sikuambii uache, nani ataacha maandazi ya Jumapili. Yawe na siku yake.

Mazoezi mmenisimulia visingizio vyote na ninavipokea, kwa sababu ni vya kweli. Jimu ina gharama na mtoto huna wa kumwachia. Tembea basi. Shuka kituo kimoja kabla, mbebe mgongoni mwende sokoni, cheza naye muziki sebuleni mpaka mtoke jasho. Dakika 30 kwa siku zinaweza kugawanywa mara tatu. Ila kuhusu tumbo sikilizeni vizuri. Wakati wa ujauzito, misuli ya mbele ya tumbo huachana ili mtoto apate nafasi, na kwa wengine haijarudi hata mtoto akiwa na miaka miwili. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo huku ukibonyeza juu ya kitovu. Ukihisi mwanya wa vidole viwili au zaidi, au katikati panavimba kama mgongo wa paa la nyumba, acha yale mazoezi ya kuinuka na kulala. Yanaweza kuzidisha tatizo. Muone mtaalamu wa fiziotherapia. Tumbo la namna hiyo halitaondoka kwa njaa, wala kwa mkanda, hata ukose pumzi.

Na usingizi. Mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu usiku mzima huamka na njaa kubwa zaidi na hamu ya vitu vitamu, mwili ndivyo ulivyoumbwa. Baba wa mtoto akichukua zamu ya usiku siku mbili kwa wiki, amekusaidia kupungua kuliko kukwambia umenenepa. Mwambieni, na mkitaka msomeeni aya hii.

Naam, maneno ya watu. Mama mkwe akija akukute mashavu yamejaa, atafurahi kwamba mwanawe anajua kutunza. Ukipungua kilo tano, mtaani wataanza kunong'ona kwamba unaumwa, au kwamba ndoa imeingia mdudu. Kuna wadogo zangu wameacha kula vizuri wakarudia chipsi kwa sababu ya minong'ono hiyo tu, na inaniuma. Wengine wamepewa maneno ya upande wa pili, tena na mume, mbele ya wageni. Mwili uliobeba mtoto miezi tisa na kumnyonyesha mwaka mzima haupaswi kuwa mada ya sebuleni. Jibu fupi linatosha: "Nipo salama, nimepima." Kisha badilisha mazungumzo. Hulazimiki kumweleza mtu hesabu zako.

Na kweli kapime. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kiunoni usawa wa juu kidogo ya kitovu. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 ni dalili ya kuanza kujiangalia, na ukizidi 88 hatari ya kisukari na magonjwa ya moyo imeongezeka zaidi. Mimi naamini futi kuliko mizani, kwa sababu maji ya wiki moja hayaidanganyi sana.

Kuna wanaopaswa kwenda hospitali kabla ya kuanza chochote. Kama uliambiwa una sukari wakati wa ujauzito, hata kama iliondoka ulipojifungua, pima sukari mara kwa mara maisha yako yote, kwani uwezekano wako wa kupata kisukari baadaye ni mkubwa. Kama presha ilipanda wakati wa mimba, vivyo hivyo kwa kupima presha. Kama unapungua bila kujaribu, au moyo unakwenda mbio, au unaongezeka huku nywele zinadondoka na baridi haikuishi, omba kipimo cha tezi ya shingo. Huweza kuharibika katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Na wewe uliyeniandikia kwamba huna hamu ya chakula, hulali hata mtoto akilala, na unalia bila sababu, mdogo wangu, hilo lako si la dayati. Siku ya kliniki ijayo, mtoto akishapimwa, mwambie muuguzi maneno hayohayo uliyoniandikia. Ikiwa siku hiyo iko mbali, usiisubiri. Nenda kesho asubuhi, na umchukue dada au rafiki wa kukushikia mtoto wakati unaongea.