Uliza Kuhusu Masasisho Kabla ya Kununua Simu
Simu za Android hutumia kiini cha Linux, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ambayo msimbo wake u wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Kasoro ya usalama ikigunduliwa, wasanidi huitengeneza. Lakini marekebisho hayo hayaifikii simu yako mpaka mtengenezaji wake ayaoanishe na programu zinazoendesha kamera na skrini, kisha ayasambaze. Akiacha kufanya hivyo, kasoro hubaki katika simu ilhali imekwisha kujulikana hadharani, hata kwa wezi. Kwa hiyo, muulize muuzaji masasisho ya usalama yatatolewa hadi mwaka gani. Kwa simu iliyotumika, fungua mipangilio, utazame tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Rahisi ghali.