Anza na mhogo, mpingo utafuata

George Lilanga, mmoja wa wasanii wa Kimakonde waliopata sifa kubwa duniani, alizaliwa mwaka 1934 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2005. Kabla ya kuugusa mpingo, na kabla ya kazi zake kuonyeshwa Marekani na Ulaya, alijifunzia uchongaji kwenye mizizi ya mhogo. Nataka kila mtu wa Chiwata anayetamani kushika patasi aijue habari hiyo, kwa sababu wengi wanaokata tamaa mapema ni wale walioanza na gogo la mpingo.

Makala haya yanawahusu wanaotaka kuchonga kwa kupenda, baada ya shughuli nyingine: mwalimu, mwanafunzi aliye likizo, mkulima aliyekwisha kuuza korosho zake, seremala aliyechoka kutengeneza vitanda. Yanawahusu wasichana pia. Kwa mila uchongaji wa vinyago ulikuwa kazi ya wanaume, lakini patasi haibagui mkono unaoishika.

Chagua mzizi mnene na mnyoofu, umenye, kisha chukua kisu kidogo chenye makali. Tuseme unachonga uso. Chora mstari wa katikati kutoka juu hadi chini, halafu mstari wa kukata pale macho yatakapokaa. Mwanafunzi hukimbilia kuchimba macho, na hapo ndipo sura inapoharibika. Pua ndiyo sehemu iliyoinuka kuliko zote usoni, kwa hiyo anza kwa kupunguza pande zake mbili, mashavu yarudi nyuma na pua ibaki imesimama. Kisha shusha paji, tenga midomo na kidevu, na macho yaje mwisho. Geuza mhogo kila mara uutazame kwa ubavu, maana uso unaopendeza kwa mbele unaweza kuwa bapa kabisa ukiuangalia kwa pembeni. Mhogo ukikauka utajikunja, na hilo lisikuumize moyo. Kesho utachukua mwingine.

Mhogo unafundisha umbo, ila haukufundishi nyuzi za mti. Kwa hilo tafuta mbao laini, na kwa mazingira yetu mwembe unafaa sana. Hata wazee wetu hawakutumia mti mzito kwa kila kitu: kinyago cha kuvaa kwenye ngoma huchongwa kwa mti mwepesi, kwa kuwa mchezaji hukivaa kichwani akicheza. Vinyago vya namna hiyo ni miongoni mwa vitu ambavyo Mjerumani Karl Weule alivikusanya alipopita Masasi na Newala mwaka 1906, akavipeleka makumbusho ya Leipzig.

Kuzijua nyuzi ni kazi ya macho na masikio. Sukuma patasi taratibu. Ukiona kipande kinatoka kama utepe na mahali ulipokata pameng'aa, unakwenda nazo vizuri. Ukisikia mti unapasuka mbele ya makali na vibanzi vinanyanyuka, unakwenda kinyume. Usiongeze nguvu. Geuza kazi yako na ukate kutoka upande wa pili.

Mti mbichi hupasuka kwa sababu nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani, na maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha mbili za gogo kuliko ubavuni. Zipake ncha hizo nta au rangi nzito, weka gogo kivulini lisiguse ardhi, mbali na jua na moshi wa jikoni. Ukiweza, pasua gogo ili moyo wa katikati usiwemo ndani ya kinyago, maana nyufa nyingi huanzia hapo. Kazi ambayo hujaimaliza ifunge kwa gunia lenye unyevu kidogo.

Vifaa vya kuanzia si vingi: kisu, patasi moja bapa, bobari moja kwa ajili ya mashimo na mikunjo, nyundo ya mbao, tupa, kinoo na msasa. Tezo ije baadaye. Makali butu ndiyo yanayokata watu, kwa kuwa yanakulazimisha kusukuma kwa nguvu na mwisho yanateleza. Noa kabla ya kuanza, na noa tena katikati ya kazi. Wachongaji wazoefu hukaa chini wakabana gogo kwa miguu. Wewe usiwaige kwanza. Tumia jiliwa, au funga kazi kwenye benchi, na mkono usiokata ukae daima nyuma ya makali.

Anayependa nakshi za kutoboa, kwa mfano ubao wenye ndege na majani, atahitaji msumeno wa mkono wenye fremu ya upinde na uzi mwembamba wa meno. Toboa kwanza kwa keke, fungua uzi upande mmoja, upitishe tunduni, uufunge tena, kisha kata ukifuata mchoro. Kwenye kona, endelea kusogeza msumeno palepale huku ukigeuza ubao polepole. Ukilazimisha kona, uzi utakatika. Maliza matundu ya ndani kabla ya kukata umbo la nje, ili ubao uendelee kuwa na nguvu.

Sasa mpingo. Uzito wake unapita kilo 1,200 kwa mita moja ya ujazo, ndiyo maana huzama majini. Huchukua miaka 70 na zaidi kufikia kuvunwa. Vumbi lake huwasha ngozi na kuudhi kifua, kwa hiyo piga msasa mahali penye hewa, ukiwa umefunika pua na mdomo na kulinda macho. Anza na kitu kidogo, kijiko au kichwa cha ndege. Ujamaa, ile nguzo ya watu walioshikamana katika gogo moja, iache mpaka mkono ukomae.

Usiukate mti huu porini bila kibali, hata kama uko karibu na shamba lako. Nenda ofisi ya kijiji, kisha kwa ofisa misitu. Wenzetu wa Kilwa wameonyesha njia: misitu ya vijiji vyao ilipata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009 kwa kuvuna mpingo kwa utaratibu. Kwa mwanafunzi, mabaki ya karakana yanatosha kabisa. Ukinunua kipande, kikwaruze upande wa chini, kwa sababu wapo wanaopaka mti mweupe kiwi nyeusi na kuuita mpingo.

Usichonge peke yako. Watatu au wanne mkikutana Jumamosi chini ya mwembe, kinoo kimoja kitawatosha wote. Mwenzako akikuonyesha kinyago, mwambie kwanza palipokaa vizuri, shingo au mkono, kisha mwonyeshe mahali pa kupunguza. Andika tarehe chini ya kila kazi na usiitupe ya kwanza. Nanyi wazee mliokwisha kuweka tezo juu ya dari, ishusheni. Wako vijana Chiwata wanaotaka kuona inavyoshikwa.