Nani Atamwambia Mtoto Kwanza?

Masomo: Mwanzo 1:26-31; Kumbukumbu la Torati 6:4-9; 1 Wakorintho 6:19-20

Mwezi huu tuwatazame wenzetu Wakatoliki wa England, jinsi wanavyowafundisha watoto wa shule za msingi habari za mwili, urafiki na ndoa. Huenda mtu akauliza, sisi Waanglikana yatuhusu nini? Yatuhusu, maana swali lililowakabili wao limo katika kila nyumba yenye mtoto.

Tangu Septemba 2020 sheria ya huko imezilazimu shule zote za msingi kufundisha elimu ya mahusiano: jamaa, urafiki, heshima na usalama. Shule zinazogharimiwa na serikali, na za Kanisa nyingi zimo humo, hufundisha pia mambo ya afya, pamoja na mabadiliko ya kubalehe, hasa kwa watoto wa miaka 9 hadi 11. Elimu ya jinsia yenyewe hailazimishwi katika shule ya msingi. Shule ikiamua kuifundisha, mzazi aweza kuomba mtoto wake aondolewe, na mwalimu mkuu hana budi kukubali. Lakini hawezi kumwondoa katika somo la mahusiano, wala la afya, wala la sayansi.

Wakatoliki hawakungoja serikali iwafumbue macho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema kwamba watoto, kadiri wanavyokua, wapewe elimu ya jinsia iliyo njema na yenye busara. Papa Yohane Paulo II mwaka 1981 akakaza kwamba hiyo ni haki na wajibu wa wazazi kwanza. Shule ni msaidizi wao. Papa Fransisko naye aliiandikia sehemu nzima katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016. Kwa hiyo somo lao halianzi na viungo vya mwili, linaanza na Muumba. Mpango mmoja unaotumika katika shule nyingi, uitwao Life to the Full, una sehemu tatu: kuumbwa na kupendwa na Mungu, kuumbwa ili kuwapenda wengine, kuumbwa ili kuishi katika jumuiya. Mimi naupenda utaratibu huo.

Ubishi haukukosa. Wapo wazazi Wakatoliki waliolalamika kwamba watoto wanaambiwa mambo kabla ya wakati wake. Hofu yao si ya kuchekwa. Ila maagizo ya serikali yana jambo moja ambalo kila mzazi alipime: mtoto wa shule ya msingi ajue kwamba mwili wake ni wake, atofautishe mguso unaofaa na usiofaa, na awe na maneno na ujasiri wa kutoa habari akitendewa vibaya. Mtoto aliyezoeshwa kwamba sehemu fulani ya mwili haina jina ila tusi, atamshtakije mtu mzima aliyemgusa? Atanyamaza. Na yule mkosaji anajua kwamba atanyamaza.

Wazee wetu hawakuwaacha watoto gizani. Palikuwa na jando na unyago, na somo wa kumfunda mwali. (Si yote yaliyofundishwa huko yalifaa, twajua.) Kule Masasi, Askofu Vincent Lucas wa Kanisa letu, aliyeiongoza dayosisi ile tangu 1926 hadi 1944, hakulifuta jando, aliliingiza katika maisha ya Kanisa, akayaondoa yasiyopatana na imani. Mahali pengine mila zilikatazwa tu, pasiwekwe kitu badala yake, na pengo lile tunalo hata leo. Shangazi yuko mji mwingine, bibi amebaki kijijini, na simu imo mkononi mwa mtoto.

Maswali ya kuzungumza, nyumbani na katika vikundi:

1. Ni nani aliyemweleza binti yako habari za hedhi kabla hajavunja ungo? Na mvulana, nani alimweleza kuhusu kubalehe?

2. Je, mtoto wako anajua neno la heshima la kutaja kila sehemu ya mwili wake? Akikujia na habari mbaya juu ya ndugu au rafiki wa nyumba, utamsikiliza?

3. Kanisa letu likitaka kuwafundisha watoto wa Shule ya Jumapili mambo haya, ni nani afundishe, na wazazi waonyeshwe nini kwanza?