Somo: Fedha Mkononi mwa Maskini



Wengi wenu mmekwisha kuliona jambo hili kwa macho yenu. Watu wa shirika wanafika kijijini, wanaandika majina, na baada ya majuma kadhaa wanarudi. Lakini hawaleti tena magunia ya unga wala madumu ya mafuta. Jamaa zilizoandikwa zinapewa fedha: ama noti mkononi, ama makuta yanayoingia katika simu kwa njia ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Mara maneno yanaanza. Mmoja anauliza, “Mbona yule na si mimi?” Mwingine anasema, “Wataimalizia kasiksi.” Wa tatu anaogopa kuzipokea, akidhani ni mtego. Basi, tulitazame jambo lenyewe polepole.

Tangu zamani msaada ulikuwa vitu: mahindi, maharagwe, sufuria, blanketi. Vitu hivyo viliokoa maisha ya watu wengi, wala hatuvidharau. Lakini mwenye kugawa hawezi kujua haja ya kila nyumba. Mama aliyepewa maharagwe huku mtoto wake anaugua homa atafanya nini? Atayapeleka sokoni, atayauza kwa bei ya hasara, maana siku ile wote wanauza maharagwe yale yale, na fedha kidogo atakayopata atanunulia dawa. Anayefaidi hapo ni mchuuzi.

Kwa sababu hiyo mashirika yalijaribu njia nyingine. Kwanza kuponi: mtu anapewa karatasi zenye thamani, kisha anachagua vitu katika soko lililoandaliwa kwa siku moja. Baadaye fedha zenyewe. Mwaka 2011, huko Masisi katika mkoa wetu wa Kivu Kaskazini, shirika la Concern Worldwide liliwasaidia wakimbizi wa ndani kwa njia zote mbili. Jamaa nyingine zilipata kuponi, nyingine fedha, na thamani ilikuwa sawa: dola 130 kwa mafungu matatu. Wataalamu wakafuata kuona matokeo. Wenye kuponi walinunua chumvi nyingi wakaiweka akiba, maana chumvi haiozi. Wenye fedha walinunua vitu vya namna nyingi zaidi, kila nyumba kwa haja yake. Mwishoni hali ya chakula na mali haikutofautiana sana kati ya makundi hayo mawili, lakini kutoa fedha kulikuwa na gharama ndogo kwa shirika kuliko kuandaa masoko ya kuponi. Kwa hiyo hatusemi kwamba fedha ni dawa ya ajabu. Twasema kwamba zinamwachia maskini kazi ya kuchagua.

Sasa tuingie nyumbani. Tuseme kuna mjane aliyekimbia kutoka upande wa Eringeti na watoto wanne, akafika Oicha. Mauaji ya raia katika nchi ya Beni yalianza Oktoba 2014, na tangu wakati ule njia hiyo imepitwa na maelfu ya watu. Mjane huyu hakai kambini. Kama wengi wa kwetu, amepokelewa na jamaa nyingine, nayo ni maskini vilevile. Shamba lake la kakao liko msituni, hathubutu kwenda. Kila asubuhi anatafuta mtu wa kumlimia, na mshahara wa kutwa ni chakula cha jioni tu. Siku asipopata kazi, watoto wanalala na njaa.

Mjane huyu akipokea fedha, atafanya nini? Msidhani kwamba jambo la kwanza ni kununua. Mara nyingi jambo la kwanza ni kulipa deni: kwa muuza duka, kwa kituo cha afya, kwa jirani. Na mwenye deni hulala vibaya kuliko mwenye njaa. Akikwisha kulipa, anaweza tena kukopa siku ya shida, maana jina lake limesafishwa. Kisha atanunua unga, mafuta ya mawese, sabuni, labda samaki wadogo watiwe katika sombe. Kiasi fulani atampa mwenyeji wake, na hiyo ni haki, kwa kuwa mwenyeji amegawana naye chumba na chungu kwa miezi mingi. Kitu kikibaki, atakodi kipande cha shamba karibu na mji na kununua mbegu za maharagwe kabla ya mvua. Hapo ndipo maisha ya kila siku yanapobadilika kweli: msimu huu halimi shamba la mtu kwa sahani ya ugali, analima la kwake. Shule ya msingi ya serikali haina karo tangu mwaka 2019, lakini daftari na nguo hazitoki bure, na shule ya sekondari inalipwa.

Angalieni lakini: haya yote yanategemea wakati. Fedha zikija mwezi wa Agosti au Februari, mkulima anapanda. Zikija baada ya mvua kuanza, zinaliwa. Mashirika yangefanya vema kuwauliza wakulima kabla ya kupanga tarehe.

Swali: Je, si kweli kwamba fedha za bure zinanyweka?
Jibu: Wako wanaozinywa, kama wako wanaouza unga wa msaada ili wanywe. Lakini wataalamu wa Benki ya Dunia walikusanya uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali, wakaona kwamba kwa jumla jamaa zilizopewa fedha haziongezi matumizi ya pombe na tumbako. Hata bila wataalamu, mnajua wenyewe: mama mwenye watoto wanne anajua bei ya chumvi kuliko mtu wa ofisini.

Swali: Na bei za sokoni hazipandi?
Jibu: Huko Siaya, nchini Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa karibu dola 1,000 kwa kila nyumba, kwa nyumba zaidi ya 10,000. Bei zilipanda kidogo mno, na hata majirani wasiopewa walifaidika, kwa sababu fedha zilizunguka kwa mafundi na wachuuzi. Lakini kule barabara ziko wazi. Kwetu, lori likizuiliwa na vita kati ya Butembo na Beni, vitu vinapungua, na fedha nyingi zikikimbiza unga kidogo, unga utakuwa ghali. Siku kama hizo afadhali unga wenyewe.

Iko pia namna ya kulipa watu kwa kazi. Wakati wa ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287, Fonds Social ya serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, ililipa watu wa sehemu zetu kwa kazi za mikono kama kutengeneza barabara. Vijana walifurahi, na barabara ikapata faida. Ila mzee, mgonjwa na mama anayenyonyesha hawawezi kushika sepetu. Hao wanahitaji kupewa bila sharti la kazi.

Tufike sasa kwenye jambo gumu, ndilo orodha. Njaa haiharibu kijiji upesi kama orodha mbaya. Mkubwa wa mtaa akiandika ndugu zake, au mwandishi akidai “kitu kidogo” ili jina liingie, msaada unageuka ugomvi. Si jambo jipya. Katika Kanisa la kwanza wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika kugawa, Mitume wakachaguliwa wasaidizi saba wa kuisimamia kazi ile. Na Mtume Paulo, alipokusanya fedha za Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka zisimamiwe na mtu mmoja: alichukua wenzake walioaminiwa na makanisa, ili pasiwe na lawama. Shirika lililotajwa juu, GiveDirectly, lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu dola 900,000 za maskini wa Kivu Kusini ziliibwa, na watumishi wake wenyewe walihusika. Hata simu, basi, haizuii wizi. Orodha isomwe mbele ya watu wote, na asiyeridhika aseme pale pale.

Kwa ninyi mnaoandikwa: kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho chenu, itunzeni mnapokimbia. Aliyeipoteza aende mapema kuomba hati ya upotevu, asingoje siku ya malipo. Kadi ya simu iandikwe kwa jina lako, na namba ya siri usimpe wakala, wala mwalimu, wala katekista. Jina likiwa la mke, simu isikae kwa mume. Mume na mke wakae chini siku moja kabla, wahesabu pamoja madeni, chakula na mbegu, ili ugomvi usianze mbele ya watoto noti zikiwa mezani.

Na jueni kwamba fedha hizi hazidumu. Zinatolewa miezi michache, mara nyingine mara moja tu. Mwaka 2024 mji wa Kanyabayonga ulipotekwa mwezi wa Juni, watu wengi walikimbilia Lubero na Butembo, na haja ikazidi. Mwaka uliofuata serikali ya Marekani, iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa kuliko wote ya msaada kwa Kongo, ilipunguza sana fedha zake, na miradi mingi ikasimama katikati. Kwa hiyo katika fungu la kwanza tengeni sehemu ya mbegu, au ya likelemba na majirani mnaowaamini, kabla ya kwenda sokoni. Jirani ambaye jina lake halikutokea, mwiteni katika likelemba hiyo, hata kama mchango wake ni mdogo.